Kuipeleka ardhi yako halmashauri, England: kazi iliyopo kabla ya fomu

Mwaka 2019 niliijaza fomu ya halmashauri, ya kupendekeza shamba letu lijengwe nyumba, kwa dakika arobaini, nikiwa jikoni, chai pembeni, nikabonyeza ikaenda. Miezi kumi na minne baadaye nikaliona jibu ndani ya ripoti nene yenye mamia ya maeneo. Letu lilikuwa na mstari mmoja: upatikanaji haujathibitishwa, njia ya kuingilia haijaoneshwa. Limeondolewa.

Mwaka 2024 nilipeleka tena shamba lile lile. Safari hii kazi ilianza miezi mitano kabla halmashauri haijatoa tangazo, na fomu yenyewe ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Nayaandika haya kwa sababu mdogo wangu anayeishi kusini alinipigia juzi: "Dada, halmashauri yetu wanataka watu wapeleke ardhi. Sisi tuna kile kipande cha mama mkwe. Nijaze nini?" Nikamwambia asijaze kitu kwanza, akatafute karatasi.

Ninachokisema ni cha England. Wales, Uskoti na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Hata jina la jambo lenyewe hubadilika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kila halmashauri yenye mamlaka ya mipango inatakiwa iwe na mpango wa eneo lake, unaosema nyumba zitajengwa wapi, biashara zikae wapi, na wapi pasiguswe. Sera zake kuu zinatakiwa zitazame mbele angalau miaka 15 tangu mpango upitishwe. Ili wajue ardhi ipi ipo, wanatoa wito kwa wenye ardhi, nao wanauita Call for Sites. Jina hilo ndilo utakalolitafuta kwenye tovuti yao. Wito huwa wazi wiki chache tu, mara nyingi sita hadi nane, ingawa zipo halmashauri zinazopokea mwaka mzima. Ratiba ya kuandaa mpango huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, kwa hiyo unaweza kujua mapema. Mimi niliisoma, nikahesabu kurudi nyuma.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alidhani kuorodheshwa ndiyo kibali. Sivyo. Ziko ngazi tatu na kila moja ina mlango wake. Ya kwanza, halmashauri inaiandika ardhi yako kwenye orodha ya maeneo iliyoyachunguza. Ya pili, mpango wenyewe unalitenga eneo lako kwa ajili ya nyumba. Ya tatu, mtu anaomba kibali cha kujenga na anapewa. Tangu tarehe 1 Julai 1948, sheria ya mwaka 1947 ilipoanza kazi, kumiliki shamba ni jambo moja na haki ya kujenga juu yake ni jambo jingine. Wengi wetu tuliokulia kwenye desturi ya "kiwanja changu, nyumba yangu" tunalisahau hilo tukifika hapa.

Na angalia ukubwa. Mwongozo wa serikali unazielekeza halmashauri zichunguze maeneo yanayoweza kubeba nyumba 5 au zaidi, au hekta 0.25 na kuendelea kwa shughuli za kiuchumi. Baadhi hupokea madogo zaidi. Ukiwa na bustani ya kutosha nyumba moja, njia hii si yako. Nenda moja kwa moja kuomba kibali.

Afisa anayeisoma fomu yako anatafuta majibu ya maswali matatu. Ardhi hii inafaa? Inapatikana? Ujenzi unawezekana kweli, kwa maana kwamba kuna mtu atajenga na hesabu zikakubali? Mimi mwaka 2019 niliandika aya mbili juu ya mandhari na familia changa zinazohitaji makazi. Hakuna swali hata moja kati ya yale matatu nililolijibu.

Karatasi za umiliki

Shamba letu ni hekta 1.4 nje kidogo ya kijiji, malisho ya farasi, na kijito kinapita upande wa chini. Baba mkwe alilinunua mwaka 1974, akawaachia wanawe wawili nusu kwa nusu. Mume wangu alifariki mwaka 2016, nusu yake ikaja kwangu kwa wosia. Kwa hiyo nilijiona mwenye shamba, nikaandika jina langu peke yangu kwenye fomu. Ofisi ya Usajili wa Ardhi, Land Registry, wao walikuwa na majina mawili: la shemeji na la marehemu. Mimi sikuwamo kabisa. Afisa alipotazama daftari akakuta aliyejaza fomu si mmiliki, na mmiliki aliye hai hajasema neno. Unadhani angeandika nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu haikupotea, ila ilichelewa miaka mitano.

Kwa hiyo anza hapo. Nenda tovuti ya Land Registry, toa nakala ya daftari la umiliki na ramani yake. Nilipozitoa mimi zilikuwa pauni 3 kila moja. Tangu Desemba 2024 ni pauni 7. Tumia tovuti rasmi ya serikali, maana zipo tovuti za pembeni zinazouza karatasi ile ile kwa bei ya kukukata pumzi. Ukiambiwa ardhi haijasajiliwa usishtuke. Usajili wa lazima ulienea England na Wales nzima Desemba 1990, na ardhi ambayo haijabadili mikono tangu kabla ya hapo huenda bado iko kwenye hati za karatasi ndani ya kabati la wakili. Isajili sasa, usingoje mnunuzi.

Ukishaipata nakala, isome kama unavyosoma mkataba wa mkopo. Nani ameandikwa? Kuna benki inayodai? Kuna sharti la zamani linalokataza ujenzi, au linalompa muuzaji wa zamani sehemu ya faida siku ardhi ikipata kibali? Na nje ya nakala: kuna njia ya umma ya waenda kwa miguu inayokatiza? Kuna mpangaji, na mkataba wake unakwishaje? Sisi tulikuwa na mama mmoja mwenye farasi wawili, kwa ruhusa ya maandishi inayovunjwa kwa notisi ya miezi mitatu. Niliiambatanisha. Bila karatasi ile, afisa anaona farasi shambani na hajui kama wataondoka lini.

Kurekebisha majina kulinigharimu safari nne kwa wakili na kumkumbusha shemeji mara nyingi zaidi ya hizo. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa "kesho". Mwishoni tuliandika barua moja fupi, sahihi mbili, ikisema wamiliki wote wawili wanaipeleka ardhi kwa hiari yao na hakuna mwingine mwenye haki ya kuizuia. Mistari minne. Nadhani ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote tulizoambatanisha.

Njia ya kuingilia

Hapa ndipo mashamba mengi yanapofia, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Shamba letu lina lango la zamani la mbao. Kila siku farasi, trela na gari la majani vilipita hapo. Nikadhani njia tunayo. Nilipokuja kusoma hati ya mwaka 1974, kumbe haki ya kupita langoni pale ilitolewa kwa matumizi ya kilimo tu. Trekta sawa. Malori ya matofali na magari ya kaya ishirini, hapana.

La pili ni mwendo wa magari. Lango lile liko nje ya kibao cha kijiji, ambako barabara ni ya maili 60 kwa saa. Dereva anayetoka shambani anatakiwa aone mbali kulia na kushoto, akiwa nyuma ya ukingo wa lami kwa mita 2.4. Kwenye barabara ya maili 30, mwongozo unaotumika unataka aone mita 43. Kwenye barabara ya maili 60, kipimo kinachotumika mara nyingi ni mita 215. Nilichukua utepe na shemeji tukaenda Jumapili asubuhi. Upande wa kulia kona inaanza mita tisini tu kutoka langoni. Ili uone zaidi ya hapo ungekata ua wa miti wa jirani, na ua wa jirani si wako kukata.

Suluhisho lilikuwa kwenye kona nyingine ya shamba, ile inayoingia ndani ya kibao cha kijiji. Pale barabara ni ya maili 30, na mita 43 zinapatikana pande zote bila kugusa tawi la mtu. Tukafurahi. Tukala chakula cha mchana tukiwa matajiri.

Jumatatu nikatoa ramani ya Land Registry ya ukanda ule, nikakuta mstari mwembamba kati ya ua wetu na barabara, upana wa mita moja na nusu, una namba yake ya usajili. Aliyemuuzia baba mkwe alijibakizia kipande kile makusudi, na sasa kiko kwa warithi wake. Waingereza wanakiita ransom strip. Kwa Kiswahili ningekiita ukanda wa mateka: mtu ana mita moja na nusu ya nyasi, na wewe na hekta zako mko mkononi mwake.

Ukikutana nao, jua kuna kesi ya mwaka 1961, Stokes dhidi ya Cambridge Corporation, ambayo mawakili wa upande wa pili wataitaja kabla hujakaa. Katika kesi ile, mwenye kushika ufunguo wa njia alihesabiwa theluthi ya ongezeko la thamani. Si sheria kwamba kila mara iwe theluthi. Ni mahali mazungumzo yanapoanzia, na jinsi unavyokuwa na njia mbadala ndivyo namba inavyoshuka. Sisi tulikuwa na lango la zamani kama tishio dogo, tukaafikiana chini ya hapo. Ni kiasi gani hatusemi, ndiyo masharti.

Kabla hujaanza kumbembeleza mtu, iulize halmashauri ya kaunti, idara ya barabara, mpaka wa barabara ya umma unaishia wapi. Mara nyingi kingo za nyasi kando ya lami ni sehemu ya barabara ya umma, na huna haja ya ruhusa ya yeyote mwingine kuzikatiza. Jirani yetu mmoja alishatumia pesa ya wakili kununua haki ya kupita juu ya nyasi ambazo tayari zilikuwa barabara.

Maji, miti na mikanda ya kijani

Haya yanakwenda haraka kwa sababu yote yanaangaliwa bure ukiwa umekaa.

Ramani ya mafuriko iko kwenye tovuti ya serikali. Kanda ya 1 ni salama kuliko zote, uwezekano wa mto au bahari kufurika chini ya 1 kwa 1,000 kwa mwaka. Kanda ya 3 kwa upande wa mito ni 1 kwa 100 au zaidi. Angalia pia ramani ya maji ya mvua yanayotuama, watu huisahau. Kwetu, nusu hekta ya chini kando ya kijito ilikuwa Kanda ya 3. Mwaka 2019 niliizungushia ndani ya eneo la nyumba kama vile sijui kusoma ramani.

Kuna ramani nyingine ya serikali inaitwa MAGIC. Inaonesha misitu ya kale, maeneo ya viumbe yaliyolindwa na daraja la ardhi ya kilimo. Madaraja ni 1 hadi 5, na ardhi ya daraja la 1, la 2 na la 3a ndiyo inayoonewa uchungu zaidi. Miti yenye amri ya kulindwa iulizie halmashauri yenyewe. Majengo ya kihistoria yamo kwenye orodha ya Historic England.

Green Belt watu wanaichanganya. Si kila nyasi unayoiona nje ya mji ni Green Belt. Ni eneo lililochorwa rasmi kuzunguka baadhi ya miji, na nje ya mstari huo shamba ni shamba la kawaida tu. Ikiwa lako limo ndani, soma mwongozo wa kitaifa wa Desemba 2024, ulioleta jina jipya la grey belt kwa vipande ndani ya Green Belt visivyotimiza kwa nguvu baadhi ya malengo ya mkanda huo, kama kuzuia miji kutanuka ovyo au kuungana. Usijipachike jina hilo mwenyewe bila kuandika sababu.

Na usifyeke. Shemeji alitaka kupitisha trekta kwenye miiba na vichaka "ili bwana mipango akija aone pasafi". Nilimzuia na uma mkononi. Tangu Februari 2024 miradi mikubwa inatakiwa kuongeza thamani ya mimea na viumbe kwa asilimia 10 na kuitunza miaka 30, na midogo ikaingia Aprili mwaka huo. Ukiharibu makazi ya viumbe ili uanzie chini, sheria inaruhusu kuhesabu hali ilivyokuwa kabla ya uharibifu, kuanzia tarehe 30 Januari 2020. Unalipia vichaka ambavyo huna tena.

Kuijaza fomu

Sasa ndiyo uikalie. Halmashauri nyingi hazitozi kitu kwa hatua hii, yetu haikutoza.

Ramani kwanza. Wanataka ramani yenye vipimo sahihi, kwa kawaida 1:1250 au 1:2500, na mstari mwekundu kuzunguka eneo unalolipeleka. Mstari mwekundu ufike barabarani. Narudia kwa sababu ndilo kosa nililoliona kwa watu watatu niliowasaidia: mstari unaishia kwenye ua, barabara iko upande wa pili, na kati yao pana pengo la nywele. Pengo hilo kwenye ramani ni kama kusema huna njia. Ardhi yako nyingine ya jirani izungushie bluu.

Sisi tuliweka hekta 0.9 za juu kwenye nyekundu na nusu hekta ya kijitoni kwenye bluu, tukaeleza kwamba ile ya bluu itakuwa ya nyasi, dimbwi na ile asilimia 10 ya mimea na viumbe. Tulipata faida ya pili ambayo sikuitarajia. Mwongozo wa kitaifa unazitaka halmashauri ziweke angalau asilimia 10 ya nyumba zao kwenye maeneo yasiyozidi hekta moja. Wenye mashamba makubwa wana mawakala na michoro ya rangi. Sisi wenye vipande vidogo tuna kifungu hicho, basi tukitaje.

Idadi ya nyumba iandike kwa hesabu, si kwa tamaa. Halmashauri yetu ilikuwa ikihesabu nyumba 30 kwa hekta, na kwa maeneo ya ukubwa kama wetu asilimia 80 ya ardhi ndiyo ya kujengwa, iliyobaki ni barabara na nafasi wazi. Hekta 0.9 mara 0.8 mara 30 inakupa 21.6. Niliandika 21 na hesabu pembeni. Mwaka 2019 niliandika 60. Najionea aibu mpaka leo. Kipimo cha kwenu kiko kwenye ripoti ya mbinu ya tathmini, inayotolewa pamoja na wito. Isome, ina kurasa chache.

Watauliza lini itapatikana: ndani ya miaka 5, 6 hadi 10, au 11 hadi 15. Kila mtu anatamani kuweka alama kwenye 5. Weka pale unapoweza kuthibitisha. Mtu mwenye mpangaji wa miaka minane akiweka 5 anajiharibia sehemu nyingine zote za fomu, kwa sababu afisa akishakukuta unapamba mahali pamoja anakusoma kwa jicho jingine.

Kwenye sanduku la maelezo ya ziada niliandika sentensi fupi fupi. "Kituo cha basi kiko mita 320 kutoka kona ya kaskazini, kwa njia yenye lami." "Bomba la maji taka linapita barabarani, ramani ya kampuni ya maji imeambatanishwa." "Hakuna nguzo za umeme mkubwa juu ya eneo." Hakuna sifa. Kama kuna kasoro, itaje na useme utaifanyaje, maana wataiona tu.

Na kumbuka kitu kimoja ambacho fomu inakisema kwa herufi ndogo: unachokiandika kitachapishwa. Ramani yako na mstari wako mwekundu vitakuwa kwenye tovuti ya halmashauri. Mimi sikumwambia jirani ambaye dirisha la jiko lake linatazama shamba. Ni bibi wa miaka themanini na kitu, tumesalimiana kwa miaka ishirini. Alijua kutoka kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Alikuja mlangoni akasema neno moja tu: ungeniambia mwenyewe. Alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga, lakini lile la kutoambiwa ndilo lililokuwa limemuuma. Kwa hiyo nenda ukapige hodi kabla ya kubonyeza.

Pita pia kwa halmashauri ya kijiji. Tangu sheria ya mwaka 2011 vijiji vinaweza kuandaa mpango wa ujirani, na baadhi hutenga maeneo ya nyumba ndani yake. Huenda mlango wako uko pale, jengo la kijiji, Alhamisi jioni, watu tisa na biskuti.

Mtu wa kwenye mlango

Orodha ikishachapishwa, simu zitaanza. Serikali iliyoingia Julai 2024 imejiwekea lengo la nyumba milioni 1.5 ndani ya bunge lake, na wanunuzi wa ardhi wanajua kusoma tovuti. Kwetu walikuja wawili ndani ya wiki moja, mmoja na chupa ya divai, masikini, hakujua kwamba sinywi.

Watakuletea mikataba ya aina mbili kubwa. Mmoja anakulipa kiasi kidogo leo ili awe na haki ya kuinunua ardhi baadaye, kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia fulani. Huyo siku ya bei ikifika anataka iwe ndogo. Mwingine anagharimia kazi yote ya mipango, kisha ardhi inauzwa sokoni na yeye anachukua asilimia yake. Huyo anataka bei iwe kubwa, kama wewe. Kwa hilo tu mimi nauegemea wa pili, ingawa najua watu waliofanya wa kwanza na hawajutii. Vyovyote iwavyo, soma muda wa mkataba, soma anavyoweza kuurefusha, na uliza gharama zake zinakatwa kabla au baada ya asilimia. Mwombe alipe ada ya wakili utakayemchagua wewe. Ni jambo la kawaida, na asiyekubali anakuambia kitu.

Kodi nayo usiisubiri mwisho. Tangu tarehe 30 Oktoba 2024 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 18 au 24 kulingana na kipato chako. Kwa ardhi ya urithi, faida huhesabiwa kuanzia thamani ya siku ya kifo, kwa hiyo ile karatasi ya tathmini ya mirathi ya 2016 niliitoa kwenye sanduku la viatu nikaiweka kwenye faili.

Kusubiri

Baada ya hapo unasubiri, na kusubiri kwenyewe kuna kazi ndani yake. Halmashauri inatoa tathmini ya maeneo. Soma mstari wako, na kama kuna kosa la ukweli, waandikie kwa ushahidi. Walituandikia kwamba kituo cha basi kiko mbali zaidi ya kilivyo, nikatuma picha na kipimo, wakasahihisha. Kisha huja rasimu ya mpango na maoni ya wananchi, ngazi wanayoiita Regulation 18. Kisha mpango kamili unachapishwa kwa wiki zisizopungua sita, Regulation 19, halafu unapelekwa kwa mkaguzi wa Planning Inspectorate, anayekaa na kusikiliza kama mpango una msingi. Sheria ya mwaka 2023 imeleta utaratibu mpya ambao serikali inataka ukamilike ndani ya miezi 30, kwa hiyo soma ratiba yenu ujue mko mfumo upi.

Katika kila ngazi toa maoni hata kama eneo lako limo ndani. Wanaopinga wataandika. Wewe ukinyamaza, mkaguzi anapata upande mmoja.

Letu limo kwenye rasimu, nyumba 20, wameipunguza moja kwa ajili ya mwaloni. Januari ikaja barua ya kuhakiki: je, ardhi bado inapatikana, na wamiliki ni wale wale? Nilikuwa karibu kuweka alama ya ndiyo. Nikampigia shemeji kwanza, nikasikia kwamba, bila kunitajia, amemgawia binti yake sehemu ya nusu yake. Wenye haki ni watatu sasa. Nikampigia binti, aje Jumamosi na kitambulisho chake, tuandike barua upya na sahihi tatu. Fomu iko mezani, sanduku la kwanza bado wazi.